Nyundo Ilikuwa Kwenye Trei

"Arobaini na tatu," karani aliita mara ya pili, huku akigonga muhuri kwenye kadi ya arobaini na mbili. Hakupaza sauti. Miaka kumi na minne kwenye dirisha la masijala ya hospitali ilikuwa imemfundisha kwamba ukipaza sauti yako, foleni nzima hupaza yake, na jioni mnarudi nyumbani wote makoo yamekauka na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Aliyesogea alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, ovaroli yake ya buluu imejaa vitundu vidogovidogo vya cheche. Mchomeleaji wa mageti. Karani alikuwa ameshamwona kabla hajafika dirishani, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuitazama foleni kila baada ya watu watano, kama mpishi anavyofunua sufuria kuona kama linakaribia kufurika. Alimwona akibadilisha mguu wa kusimamia. Alimwona akigeuka mara kwa mara kumtazama mama mmoja mzee kwenye benchi la mwisho, mguu ameunyoosha mbele, umefungwa kitambaa kilicholowa. Aliona pia mpini unaochungulia kwenye mfuko wake wa nyuma: nyundo ndogo, ile ya kugongea maganda ya chuma yaliyoungua.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Si nzuri, dada. Leo ni siku ya tatu nasimama hapa. Juzi nimeambiwa faili la mama halipo. Jana nikaambiwa lipo ila limefungwa. Leo nimekuja niambiwe limefungwa kwa kufuli gani, maana mimi makufuli nayakata kila siku."

Watu wawili watatu nyuma yake walicheka. Yeye hakucheka.

Karani alipokea kadi, akasoma namba mara mbili. Alijua faili hilo lilipo. Lilikuwa rafu ya nyuma kabisa, kwenye utepe mwekundu, na juu ya jalada lake kulikuwa na muhuri unaosema: LIMEFUNGWA. MHUSIKA AMEFARIKI.

Miezi miwili nyuma msimamizi wa masijala, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Semina kila alipokuwa hasikii, alirudi kutoka kwenye mojawapo ya semina zake na agizo jipya. Rafu zilitakiwa zipumue. Kila faili ambalo halikufunguliwa kwa mwaka mmoja na nusu lihamishiwe kwa yaliyofungwa. Karani alimweleza, kwa upole, kwamba kuna wazee wanaokwenda kukaa kwa watoto wao mbali, kisha wanarudi. Akajibiwa, "Mtu asiyekanyaga hospitali mwaka na nusu, ama ni mzima ama ni marehemu. Wote wawili hawahitaji faili." Na kwa kuwa masijala ilikuwa na muhuri mmoja tu wa kufungia mafaili, yote yaligongwa huo huo. Mia tatu na kitu, kwa siku mbili. Hakuna daktari aliyeruhusiwa kumwona mwenye faili la namna hiyo mpaka msimamizi alifungue kwa saini yake, na siku mbili za kwanza ambazo mchomeleaji alikuja, msimamizi alikuwa kwenye semina nyingine.

"Fundi," karani alianza.

"Mwenzako jana ameniambia mama ni marehemu!" Sauti ya mchomeleaji ilipanda ghafla, kiganja chake kikatua kwenye meza ya dirisha kwa kishindo kilichorusha kalamu. "Marehemu! Mama yangu yule pale, anakula karanga! Nimwambie alale chini afumbe macho ndipo mumhudumie?"

Kule nyuma bwana mmoja aliinua simu yake juu ili arekodi, na waliokuwa mbali wakasogea karibu, kama watu wafanyavyo wakinusa ugomvi usiowahusu.

Karani hakuinuka. Alijua bila kugeuka kwamba mlango wa nyuma yake uko hatua tatu na hauna kufuli. Kila asubuhi aliuhakikisha kabla ya kuvaa kitambulisho. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuogopa haraka. Kilichomtisha zaidi ya kile kiganja ni ule ukuta wa watu uliokuwa unajengeka nyuma ya mchomeleaji. Mtu mwenye hasira akikosa pa kurudi nyuma, hana ila kwenda mbele.

"Kuanzia arobaini na nne mpaka sitini," alisema, sauti ile ile, "kaeni benchi za upande wa duka la dawa. Nitawaita huko huko, hakuna atakayepitwa. Na wewe kaka unayerekodi, namba yako ni hamsini na moja, nimeiona. Usije ukaitwa ukiwa bado unatafuta pa kubonyeza."

Kicheko kidogo. Simu ikashuka. Watu wakaondoka kwa kunung'unika, na nyuma ya mchomeleaji pakawa na nafasi ya mtu kupumua.

"Sasa fundi. Kama mtu angeniambia mama yangu amekufa huku namwona anakula karanga, ningekuwa nimeipiga hii meza tangu jana. Umechelewa."

Mchomeleaji alimtazama kama aliyekuwa amejiandaa kusukuma mlango, akakuta uko wazi.

"Nitalifungua hilo faili leo. Ila hiyo nyundo mfukoni itakuchoma kiuno ukiinama. Niwekee hapa kwenye trei, nitakurudishia pamoja na kadi."

Alipeleka mkono nyuma, na ilionekana wazi kwamba alikuwa ameisahau. "Samahani dada. Nimetoka kwenye geti la watu, hata sijalimaliza." Akaiweka kwenye trei. Karani akaivuta trei upande wake, ndani ya kioo.

Bado mikono ya yule bwana ilikuwa inakunja ngumi na kukunjua. Baba yake karani alikuwa muuza nyama, na buchani wateja wakianza kutukanana, hakuwaambia kamwe watulie. Alimwita mmojawapo amshikie paja la ng'ombe alikate. Nani aliwahi kumpiga mwenzake huku amekumbatia paja la ng'ombe? "Mpe mtu kitu cha kushika," mzee alikuwa akisema, "na umpe kwa heshima, asijue kwamba umemwazima mikono yake mwenyewe."

Karani akatoa kupitia uwazi wa chini rejista kubwa ya mwaka juzi, jalada limechanika, uzito wake kama mtoto wa miezi sita. "Nishikie hii, fundi, unisomee. Namba ya mama ya zamani imo humo, na mimi natakiwa niandike zote mbili ndipo lifunguliwe. Anza ukurasa wa mia na nne."

Mchomeleaji akaikumbatia kwa mikono miwili, akashusha kidevu, akaanza kusoma taratibu, akifuata mistari kwa ncha ya kidole gumba. Sauti yake ikashuka mstari kwa mstari. Alipofika katikati ya ukurasa akasema, "Huyu hapa! Jina lake hili. Hadi jina la babu wameliandika sawasawa."

"Soma namba."

"Wamenifufua?" mama yake aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Bado, mama," karani alimjibu. "Subiri kidogo, usife tena."

Hapo hata mchomeleaji alicheka, na karani akacheka, na kalamu yake ilikuwa tayari kwenye fomu ya kufungulia. Yalikuwa yamebaki mambo mawili tu: namba, na saini ya msimamizi, ambaye leo alikuwepo.

Ndipo kengele ikalia.

Ilikuwa kengele ya dharura, ya kufungwa ukutani, zao la semina ya usalama wa mahali pa kazi. Ilikuja pamoja na bango: KUWA MACHO. BONYEZA KENGELE. TOA RIPOTI. Msimamizi alikuwa ofisini kwake upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya kioo. Aliona kiganja kikitua mezani, akakimbilia kengele. Lakini alikuwa ameifungia ndani ya kijisanduku ili watu wasiichezee, na ufunguo wa kijisanduku ulimchukua dakika sita kuupata. Katika dakika sita hizo moto ulikuwa umeshazimwa. Hakuinua macho kuangalia. Alibonyeza.

Mlinzi wa getini, ambaye kila mtu alimwita Kamanda, aliingia mbio. Mafunzo yake yalikuwa ya wiki moja, na siku tatu kati ya hizo zilikuwa za kupiga saluti. Alichoambiwa ni kwamba kengele ikilia, aliye mbele ya dirisha akamatwe. Akamkamata kwa nyuma, mkono mmoja shingoni, mwingine ukimkunja bega.

"Kamanda, mwache! Ameshatulia!" karani aliita, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alipaza sauti.

Mchomeleaji hakuweza kujikinga, kwa sababu mikono yake ilikuwa imekumbatia rejista. Rejista ikamponyoka, ikagonga kioo cha dirisha kwa kona yake ya chuma, kioo kikapasuka kutoka juu mpaka chini. "Mama!" alisema, si kwa kuita msaada, bali kwa kumwonya, kwani mama alikuwa ameinuka kwa ule mguu mbovu na karanga zilikuwa zinamwagika sakafuni. Bwana wa namba hamsini na moja safari hii alipata pa kubonyeza.

Wakamtoa nje ameinamishwa kichwa kama mwizi wa kuku.

Karani alibaki amesimama. Alitazama viganja vyake kana kwamba si vyake. Ni yeye aliyempa kile kitabu. Ni yeye aliyempokonya nyundo kwa maneno laini, akamwondolea watu wa nyuma yake, akamshikisha mzigo, na yule bwana akakubali yote kwa sababu alimwamini. Akawa amefungwa kamba kwa hisani, na wengine wakaja kuivuta.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka, akamshika mama mzee mkono na kumkalisha.

"Mwanangu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama."

"Basi mbona wamembeba hivyo?"

Karani aliokota karanga chache zilizokuwa juu ya kitambaa cha mguu, akaona kitambaa kinanuka. "Kidonda hiki kimefungwa lini?"

"Siku ya nne leo. Zahanati waliokifunga waliniambia kibadilishwe kila siku. Lakini mimi si nimekufa?" Mama alijaribu kutabasamu.

Msimamizi alifika akiwa na fomu mkononi, imeshajazwa. Alikuwa anahema, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokoa jengo lisiungue.

"Pole sana, dada yangu. Mungu mkubwa. Umeona faida ya kengele?"

"Nimeiona, bosi."

"Weka saini hapa. Mhudumu wa dirisha ndiye shahidi wa kwanza, bila saini yako polisi hawaipokei. Wako njiani watampitia pale getini. Na kuanzia leo hakanyagi tena hapa, yeye wala mgonjwa wake."

Karani alichukua fomu, akavaa miwani, akaisoma yote. Alikuwa mtu wa kusoma yote. Kazi ya masijala alijifundisha mwenyewe kutoka kwenye vitabu vya watu waliostaafu, na hakuna hata mmoja aliyemfundisha kuruka mistari. *Mteja alifika akiwa na silaha (nyundo). Alimtishia mhudumu. Alivunja kioo kwa makusudi. Alidhibitiwa na mlinzi kwa weledi.*

Hasira ya karani ilikuwa ya kuchelewa, kama maji ya bomba la ghorofani: unafungua, unasikia hewa inakoroma tu, unadhani hayapo. Sasa yalifika.

"Nyundo ilikuwa wapi, bosi?"

"Si ya kwake?"

"Nakuuliza ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye trei yangu. Ipo pale mpaka sasa. Nimeiomba, ameitoa, ameniomba na msamaha. Mliyemkamata alikuwa ameshika kitabu cha hospitali."

"Sasa mambo madogomadogo hayo—"

"Alikuwa ananisomea namba! Kengele yako imelia nikiwa nacheka na mtu!"

"Shusha sauti, dada. Wagonjwa wanasikia."

"Wamesikia mengi leo. Wasikie na hili." Lakini alishusha, kwa mazoea. "Kioo amekivunja nani?"

"Kimevunjika wakati wa vurugu."

"Vurugu ya nani? Kabla Kamanda hajaingia kulikuwa na vurugu gani?"

"Alipiga meza! Nimeona kwa macho yangu."

"Alipiga meza kwa sababu tumemuua mama yake kwa muhuri. Huyu hapa, msalimie. Ana kidonda cha siku nne kinanuka, na dawa iko vyumba vitatu kutoka alipokaa. Siku mbili saini yako haikuwepo. Wewe ungepiga nini?"

Msimamizi alimtazama mama mzee, akatazama sakafu, akatazama bango. "Agizo la rafu lilikuwa la nia njema. Na kuhusu usalama wako wewe mwenyewe, dada, kuna taratibu. Ulitakiwa ubonyeze kengele, si kuanza kusoma vitabu na watu wakorofi. Ungeumizwa je?"

"Wewe ndiye unaniuliza kama ningeumizwa? Nimekaa dirisha hili miaka kumi na minne. Wamenijia walevi, wamenijia waliofiwa, amenijia mtu na panga lililofungwa gazeti. Hakuna aliyetoka hapa na damu, si yake wala yangu. Unajua kwa nini hujawahi kusikia? Kwa sababu jambo likizimwa halina fomu ya kujaza."

Akairudisha fomu bila saini.

"Hiyo ni kukaidi," msimamizi alisema polepole.

"Andika hivyo. Hiyo nitaitia saini, maana ni kweli."

Msimamizi akaelekea getini kwa hatua ndefu, na karani akamfuata nyuma bila kukaribishwa. Kwenye kibanda cha mlinzi mchomeleaji alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anajisugua bega. Hakuinua uso.

"Kamanda," msimamizi alisema, "wewe utakuwa shahidi wa kwanza. Ulimkuta na nyundo, si ndiyo?"

Kamanda alitazama fomu, akamtazama karani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa kukamata, hakufundishwa kuangalia kwanza.

"Nilimkuta na kitabu, mkuu."

"Kitabu tu?"

"Kitabu kikubwa. Mkuu, na mimi nimeshangaa. Nimemshika, hajanirudishia hata kiwiko. Nikajua nimeshika siye. Lakini kengele ilikuwa bado inalia."

Gari la polisi lilipofika, lilikuta fomu isiyo na shahidi na msimamizi anayeeleza kwamba lilikuwa jambo dogo la kutoelewana. Polisi mmoja alimuuliza mchomeleaji kama ana malalamiko. Aliinua mabega, lile moja likamuuma. "Malalamiko yangu ni kidonda cha mama," alisema. Wakaondoka.

Karani alikwenda akalileta faili, namba zote mbili zimeshaandikwa kwenye fomu, na msimamizi akalifungua papo hapo, amelilaza juu ya boneti ya gari la mtu, kwa saini iliyokwaruza kama ya kulazimishwa. Kuhusu kumzuia yule bwana asikanyage hospitali, alisema litaamuliwa na kamati siku ya Alhamisi. Hakuomba radhi. Aliondoka akisema kwamba kuna watu wanapenda kujifanya mashujaa.

Karani ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya ile ndoo.

"Fundi, mimi ndiye niliyekupa kile kitabu."

"Najua."

"Sikujua kama watakuja."

"Hilo pia najua, dada. Ningefikiri ulijua, hapa tusingekuwa tunaongea." Akasimama. "Ila ujue kitu kimoja. Siku nyingine mtu akinipa kitabu nishike, nitatazama nyuma kwanza."

Maneno hayo yalimchoma karani kuliko kama angetukanwa. Yule bwana alikuwa amefika na hasira tu. Sasa wangemrudisha nyumbani na woga, nao woga ni mgeni asiyeondoka haraka. Na huo ndio unaoitwa usalama?

Mama alifungwa kidonda saa sita kasoro. Daktari alisema kwamba siku mbili zaidi angekuwa anazungumzia kukata kidole. Karani aliyasikia hayo akiwa mlangoni na nyundo ya mchomeleaji mkononi, akamkabidhi mwenyewe, mpini mbele. Waliagana kwa salamu fupi.

Alasiri foleni ilipokwisha, karani hakuvua kitambulisho. Alichukua karatasi mbili. Kwenye ya kwanza aliandika maelezo yake kwa kamati, kwa mpangilio wa saa na dakika, nani alisimama wapi, nani alisema nini, na kengele ililia wakati gani. Aliandika kiganja kilichopiga meza pia, kwa kuwa kilipiga. Akatia saini.

Ya pili ilikuwa tupu. Aliibeba mpaka rafu ya nyuma, akavuta kigoda, akaanza kufungua mafaili ya utepe mwekundu moja baada ya jingine, akitafuta cheti cha kifo ndani ya kila moja. Lililokuwa nacho alilirudisha. Lisilokuwa nacho aliandika namba yake, jina, na namba ya simu ya ndugu kama ilikuwepo.

Kamanda alimkuta hapo alipokuja kufunga madirisha. "Dada, bado tu?"

"Kesho mmoja wao atakuja dirishani. Nataka nimjue kabla hajaambiwa amekufa."

Kamanda alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Wako wangapi?"

"Nimefungua themanini na mbili. Hai ni thelathini na saba, kwa hesabu ya haraka."

"Na yamebaki?"

Alimwonyesha rafu kwa kidevu. Kamanda akapiga mluzi wa chini, kisha, bila kuambiwa, akashusha bunda la juu ambalo karani asingelifikia na kuliweka sakafuni karibu na kigoda.

"Hayo ni ya kesho," karani alisema. Akafungua la themanini na tatu. Halikuwa na cheti. Akaandika namba, akaandika jina, na mwanga wa dirishani ukawa hautoshi tena kuisoma namba ya simu.